Usisugue Kwanza: Mwongozo kwa Aliyerithi Zana za Mzazi Fundi

Ukikabidhiwa ufunguo wa karakana ya marehemu mzazi wako, usianze kwa kusugua kutu. Mkono utakuwasha, bila shaka. Tezo zimeota wekundu, mipini imeshika weusi wa jasho na mafuta, vumbi la mbao limejaa kila pembe, na mtoto aliyelelewa vizuri huona haya kuiacha mali ya mzazi wake katika hali hiyo. Lakini katika zana zilizoundwa kwa mkono, kinachoonekana kuwa uchafu na uchakavu mara nyingi ndicho chenye habari, na habari hiyo ndiyo sehemu ya urithi isiyonunulika dukani. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: zana ya fundi ni nusu tu ya urithi, na nusu ya pili ni kazi iliyokuwa ikifanywa nayo. Kila uamuzi utakaoufanya, wa kusafisha, kugawa, kutumia, kuuza au kuhifadhi, upime kwa kuuliza kama unaziweka nusu hizo mbili pamoja au unazitenganisha. Mifano yangu nitaitoa kwa maseremala, wachonga milango na waundaji wa majahazi wa pwani yetu, hasa Lamu na Unguja, kwa sababu huko bado utakuta tezo iliyofuliwa na mhunzi kwa springi ya lori na randa iliyochongwa na seremala mwenyewe. Mengi yatamfaa pia aliyerithi zana za mhunzi au za mshona viatu.

Chukua chembeu, kile chuma cha kusindilia pamba katika viungo vya mbao wakati wa kukalafati chombo. Mdomo wake ni butu. Mrithi asiyejua huona ni patasi iliyochakaa, huipeleka kwenye jiwe na kuitia makali akidhani ametenda wema. Kumbe ubutu ndio kazi yake: chembeu chenye makali hukata nyuzi za pamba badala ya kuzisukuma ndani, na chombo kikishushwa majini kitavuja. Chukua na randa ambayo kisu chake kimenolewa kikawa na mviringo kidogo. Aliyezoea randa za dukani ataona kisu kimepinda na atakinyoosha, wala hatajua kwamba kilikuwa cha kuparuzia ubao mbichi uliotoka kwenye msumeno, kabla ya randa ya kulainishia kupita. Meno ya msumeno yaliyopindishwa moja kushoto moja kulia hayana kasoro. Yamepanuliwa hivyo ili msumeno usibanwe na mti. Tezo nyingi hunolewa upande mmoja tu, na ukizinoa pande zote mbili zitakwama au kuteleza zinapogusa ubao. Ncha za keekee nazo zililinganishwa na misumari fulani: tundu la msumari wa jahazi hutobolewa jembamba kidogo kuliko msumari wenyewe, ili msumari ushike bila kuupasua ubao. Ukizitenga ncha na misumari iliyokaa nazo katika mkebe mmoja, umeondoa kipimo alichokitumia fundi bila kukiandika popote. Ndiyo maana nasema usiguse kwanza. Katika karakana ya fundi wa mkono, hata mahali kitu kilipowekwa pana maana.

Basi hatua ya kwanza ni kuandika. Kabla ya kusogeza chochote, piga picha kila ukuta, kila meza na kila kisanduku, kwanza kwa mbali kisha kwa karibu, na uweke rula au futi ndani ya picha ili vipimo vijulikane. Tafuta daftari lenye jalada gumu, uipe kila zana namba, na uifungie kikaratasi kwa uzi. Usitumie gundi wala utepe wa kunata, maana hung'oa rangi na mafuta ya zamani yakatoka nayo. Andika jina la zana kama mzazi wako alivyoliita, hata kama linatofautiana na la vitabuni, kwa sababu Lamu na Unguja hawaiti kila kitu kwa jina moja. Andika imetengenezwa kwa nini, ilikaa karibu na nini, na imelika upande gani. Mpini uliolika zaidi upande mmoja unakuonyesha mkono uliokuwa ukiushika na pembe ya mapigo. Mahati (kifaa cha seremala cha kuchorea mistari) yenye alama mbili tatu za kisu kwenye kijiti chake inakuonyesha vipimo vilivyorudiwa mara nyingi kiasi kwamba fundi hakuona haja ya kupima upya. Violezo vya karatasi, bati au ubao mwembamba, vyenye nusu ya ua au kipande cha mnyororo wa kuchonga kwenye miimo na mfaa wa mlango, usivitupe pamoja na takataka. Mara nyingi ndivyo vyenye thamani kuliko patasi zote, na ndivyo vya kwanza kuliwa na mchwa.

Daftari peke yake halitoshi, kwa kuwa maarifa mengi ya ufundi yamo mkononi na hayakuwahi kusemwa. Hapa wakati ni mfupi. Watakaokuja kutoa pole hadi arobaini ni pamoja na mafundi wenzake na wanagenzi wake wa zamani, na baada ya hapo wengi hutawanyika. Wakaribishe karakanani mmoja mmoja, kwa heshima na kwa chai. Ukimuuliza mzee fundi "hii ni nini?", atakupa jina tu. Mwombe akuonyeshe jinsi marehemu alivyoishika, alivyosimama na alivyojua kwamba imeanza kupoteza makali, na uirekodi mikono yake kwa simu badala ya uso wake. Ukipata zana ambayo watu watatu wameieleza kwa namna tatu, ziandike zote tatu. Na waulize wanagenzi jambo ambalo warithi hulisahau: zipi kati ya hizi hazikuwa zake? Mafundi huazimana. Randa inayong'aa kwenye ukuta wa baba yako inaweza kuwa ya jirani aliyeiazimisha miaka mingi iliyopita na akaona haya kuidai mbele ya msiba.

Kwa anayedhani natia chumvi kuhusu kutengana kwa chombo na kazi yake, atazame mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe mmoja ulipoundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, waundaji walilazimika kuegemea vielelezo vidogo, picha na maandishi, kwa sababu kamba ya kufundishana mkono kwa mkono ilikuwa imekatika. Walifanya kazi ya kustahili shukrani, na bila vielelezo hivyo pasingekuwa na pa kuanzia. Lakini kati ya kielelezo na fundi aliyeshona kwa mkono wake kuna mengi ambayo mtu hubaki akikisia. Wala jengo la kuhifadhia si kinga ya milele: sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Vitu hupona zaidi vinapokuwa na watu wanaovijua, na kila familia ya fundi ina nafasi ya kuhakikisha watu hao wapo.

Sasa mgawanyo, ambao ndio huvunja karakana nyingi kuliko kutu. Kosa la kawaida hufanywa kwa nia njema: kila mtoto achague kitu kimoja cha kumkumbuka mzee. Wakubwa huchukua vizuri, wadogo hubakiwa na vilivyosalia, na seti ya patasi za kuchongea, ambazo kila moja ina upana na mviringo wake, hutawanyika Mombasa, Dar es Salaam na Maskati. Hakuna hata mmoja wao atakayeweza kuchonga ua zima kwa patasi aliyonayo. Pingamizi ni kwamba haki inadai kila mrithi apate chake, na pingamizi hilo ni zito. Siliondoi kwa kusema kwamba ufundi ni mtukufu kuliko haki. Nasema tu kwamba haki ya mirathi hupimwa kwa thamani, nayo haidai seti ivunjwe. Ipigeni seti bei ikiwa nzima, kwa msaada wa fundi asiye na maslahi, mmoja aichukue katika fungu lake, na wengine wapate sawa yake katika fedha, mbao zilizobaki, shamba au mali nyingine. Kwa Waislamu hesabu ni ile ile: madeni na wasia kwanza, kisha mafungu, mjane akipata thumni panapokuwa na watoto na mtoto wa kiume akipata mara mbili ya binti. Thumni ya mjane ni ya thamani ya mali yote, zana zikiwemo, na asiambiwe kwamba vyuma vya karakana ni mambo ya wanaume. Kama mzee alisema kwa mdomo kwamba zana zote ni za kitinda mimba, kumbuka kwamba wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wengine. Waombeni ridhaa hiyo waziwazi, msiichukulie kuwa imeshatolewa.

Sheria za nchi nazo zina neno. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa mwenzi aliyebaki vitu binafsi na vya nyumbani pale ambapo hakuna wosia, lakini fasili yake inaviacha nje vitu vilivyohusiana na biashara au taaluma ya marehemu. Yaani, kwa wanaohukumiwa na mgawo huo, zana za ufundi haziingii kundi moja na vyombo vya jikoni. Zinahesabiwa pamoja na mali iliyosalia. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 45, inakataza mtu kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tanzania, familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na mahakama humthibitisha. Kwa hiyo ndugu anayebeba msumeno usiku "asije akauiba mtu" anajitafutia matatizo hata kama nia yake ni safi. Kupiga picha na kuandika orodha hakuhamishi mali, ndiyo sababu nyingine ya kuanza na daftari: orodha hiyo hiyo itamfaa msimamizi. Ndani yake ingizeni pia kazi ambazo hazijakamilika. Mlango uliochongwa nusu na kulipiwa arubuni ni deni juu ya mirathi, na mteja wake ana haki ya kupata mlango au fedha zake kabla warithi hawajagawana kitu.

Ni baada ya hayo tu ndipo unapofika wakati wa kusafisha, tena taratibu. Tofautisha kutu nyekundu inayobanduka, ambayo inaendelea kukila chuma, na ule weusi uliotulia juu ya chuma cha zamani, ambao hukikinga. Ya kwanza iondoe, wa pili uache. Pangusa vumbi kwa brashi laini, pakaa mafuta ya taa yalegeze kutu, kisha sugua kwa zile nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria. Kutu ikikaidi, siki itasaidia, lakini chuma kikae humo kwa saa chache ukikitazama kila mara, si kwa siku, maana asidi ikimaliza kutu itaanza kula chuma. Ukikitoa, kisuuze, kioshe kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kikaushe papo hapo na ukipake mafuta. Mpini usiuloweke kamwe, wala usiupake vanishi: vanishi huteleza, humenyeka na hutoa malengelenge mkononi. Mafuta kidogo yaliyosuguliwa kwa kitambaa yanatosha. Ukitumia mafuta ya kitani, tandaza matambara yake nje yakauke moja moja, kwa sababu yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Mambo mawili yanaharibu zana za kufuliwa kwa mkono pasipo tiba rahisi, na yote mawili ni joto. La kwanza ni kuitupa tezo au shoka motoni ili kuunguza kisiki cha mpini uliovunjika. La pili ni kunoa kwa grenda. Mhunzi aliichoma zana hiyo, akaizima ghafla ikawa ngumu, kisha akaipasha tena kwa kiasi ili isivunjike kama kioo. Ugumu wa makali ulipatikana katika kile kipimo cha pili. Chuma kilichosuguliwa kikipashwa hubadilika rangi: karibu nyuzi 230 za Selsiasi huwa manjano ya majani makavu, karibu 300 huwa buluu. Ukiona ukingo wa patasi umegeuka buluu kwenye grenda, ugumu umepungua, na makali utakayoyatia hayatadumu ubao mmoja. Noa kwa jiwe na maji, ukifuata mwinamo ulioachwa na mwenye zana. Kisiki cha mpini kitoboe kwa keekee na kukitoa vipande vipande, na mpini uliovunjika uutunze, kwa sababu urefu na pembe yake ndiyo kiolezo cha mpya.

Hewa ya pwani ina chumvi, hivyo usihifadhi vyuma kwa kuviegemeza kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaotoa unyevu, wala kuvifunga ndani ya ngozi au mfuko wa plastiki. Sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni linafaa, pamoja na kitambaa chenye mafuta na ukaguzi wa kila mwezi, na wa mara kwa mara zaidi wakati wa masika.

Watu wawili watanipinga, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza atasema: siku hizi kuna drili na randa za umeme, hata kwenye fukwe wanakounda majahazi, basi za nini hizi? Ni kweli, na sioni ubaya fundi kupasua mbao kwa mashine na kuokoa mgongo wake. Lakini kuna kazi ambazo mashine haifiki au haifai. Ubao wa ubavu wa chombo huchongwa kwa tezo kufuata mpindo ambao hakuna kipande kingine chenye mfano wake. Mlango wa zamani ukioza kwenye mwimo, kiraka kilichokatwa kwa mashine hujitangaza mbali. Cha kuchongwa kwa patasi hukaa na wenzake. Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, na milango, dari na madirisha ya miji hiyo yataendelea kuhitaji mikono ya namna hii. Kwa hiyo seti iliyo kamili na kali ni mtaji kwa mtu anayejua kuitumia.

Wa pili atasema kinyume: kuitumia zana ya baba ni kuimaliza, bora itundikwe sebuleni. Naheshimu uchungu uliomo katika maneno hayo, na nakubali kwamba kila kunoa huondoa chuma kidogo. Hata hivyo, tezo iliyotundikwa pwani bila kuguswa huliwa na kutu, na inayotumika hupakwa mafuta kila jioni. Kubwa zaidi, ukutani inabaki na sura tu. Baada ya vizazi viwili mjukuu atasema "hii ilikuwa ya babu" na hatakuwa na la kuongeza. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua vichache vya ushahidi: violezo vya asili, zana iliyo peke yake isiyo na mfano, ile yenye alama ya mkono wa mhunzi anayejulikana. Hivyo viweke, na umwombe mhunzi akufulie nakala za kufanyia kazi. Zilizobaki zipe mkono. Usidhani mkono huo lazima uwe wa mtoto wa kiume mkubwa. Angalia nani alikuwa akikaa karakanani kwa hiari, na kama ni binti, ni binti. Kama ni mwanagenzi asiye na haki ya mirathi, mnaweza kumwazimisha seti nzima kwa maandishi mafupi: orodha ya vitu, muda, wajibu wa kutunza, na sharti la kumfundisha kijana mmoja wa familia atakayetaka kujifunza. Mwanagenzi mwema ataliona sharti hilo kuwa heshima.

Wanaoishi ughaibuni wana la ziada. Tezo, patasi na misumeno haviruhusiwi ndani ya ndege pamoja na abiria. Vifungeni katika mizigo inayokaguliwa, makali yakiwa yamefunikwa. Mpini au nakshi ya pembe ya ndovu usiivushe mpaka bila kibali, hata kama ina umri mkubwa kuliko wako. Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya hata kuimiliki tu bila kibali kuwa kosa, basi ulizeni ofisi ya wanyamapori kwanza.

Na ikiwa hakuna ndugu wala mwanagenzi atakayezitumia, kuuza si usaliti. Uza seti nzima, kwa fundi anayefanya kazi ile ile, hata kama mfanyabiashara wa vitu vya kale ameahidi zaidi kwa vipande vichache vizuri vya kupambia hoteli. Mpe nakala ya daftari pamoja na rekodi za wazee, mwombe ajaribu kila zana mbele yako kwenye ubao kabla ya kulipa, na uandike katika daftari lako jina lake na kijiji chake, ili mjukuu akitaka siku moja kuiona tezo ya babu yake ikifanya kazi ajue aende kwa nani.